Harambee ya vifaa vya kufundishia magonjwa ya ngozi

Ndugu, jamaa na marafiki wa idara yetu,

Mgonjwa wa choa, ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu, akipakwa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, muwasho hutulia kwa siku chache na kila mtu hufurahi. Chini kwa chini kuvu huendelea kutambaa, ule ukingo wenye magamba unaoitambulisha hufutika, na baadaye hata bingwa hupata taabu kujua alichonacho mgonjwa. Kosa hilo huzuiwa kwa kipimo cha nusu saa. Unakwangua magamba ya ukingoni, kwa kuwa katikati kuvu ni haba, ukitumia upande butu wa kisu cha upasuaji. Unayaweka kwenye kioo cha slaidi, unadondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, unafunika, unangoja dakika 10 hadi 15 yalainike, kisha unatazama kwa hadubini: lenzi ya 10 kwanza, halafu ya 40. Mwanga ukiachwa mkali, nyuzi za kuvu hupotea, na mwanafunzi huandika "hakuna" hali zipo mbele yake. Jicho la kuziona halipatikani ubaoni.

Wanafunzi wetu wengi hawatakuwa mabingwa wa ngozi. Ndio watakaomwona mgonjwa wa kwanza kabisa, kwa hiyo tunataka wajue vizuri magonjwa machache yajayo kila siku, na wasikose yale ya kupelekwa kwa bingwa bila kuchelewa: baka lililofifia lisilohisi mguso wa pamba, doa jeusi kwenye wayo, mstari mweusi wa ukucha unaozidi kupanuka.

Lipo na tatizo la picha. Vitabu vingi huonyesha ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huja kama zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza, na anayesaka rangi nyekundu atasema ugonjwa umepoa kumbe bado unawaka.

Tunaomba hadubini 4 na dematoskopu 6, yaani lenzi za mkononi za kuchunguzia ngozi, zenye ukuzaji wa mara 10 na mwanga uliochujwa, ili kikundi cha wanafunzi 5 kitumie moja. Tunahitaji pia pedi za silikoni na visu vya duara vya milimita 4 vya kujifunzia kukata kipande cha ngozi, na albamu ya picha za ngozi za rangi zote, zilizopigwa kwa ridhaa ya wagonjwa. Msidharau mirija ya krimu isiyo na dawa: kwa mirija hiyo mwanafunzi hujifunza kwamba krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, takriban nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wagonjwa wengi hupaka kidogo mno, kisha dawa hulaumiwa.

Michango ya fedha ipokelewe na mhazini, kwa stakabadhi. Mwenye hadubini iliyolala kabatini asisite kuileta, ila tutakagua lenzi zake kwanza. Penye unyevu, kuvu huota hata juu ya kioo.