Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Fundi wa Kati na Ushindani wa Uchumi Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wenye karakana za vyuma atazisoma mweka hazina. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo moja. Kazi kubwa zimefika hapa Tanga, na karakana nyingi za vyuma zinazitazama zikipita. Hatuzikosi kwa sababu ya bei, maana bei zetu ziko chini. Tunazikosa kwa sababu ya vyeti, vipimo na kumbukumbu.

Dhima ya Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Taifa wa 2021/22 hadi 2025/26 ni kujenga uchumi shindani na viwanda kwa maendeleo ya watu. Ukiyashusha maneno hayo hadi sakafu ya karakana, yana maana inayopimika: kiungo kilichochomelewa Tanga kipite kipimo kilekile, ndani ya muda uleule, kwa gharama isiyozidi ya mkandarasi anayeleta mafundi wake kwa ndege. Utafiti wa Nguvukazi wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 79.9 ya wafanyakazi nchini walikuwa na ujuzi mdogo, asilimia 16.6 ujuzi wa kati na asilimia 3.6 ujuzi wa juu. Serikali ikaweka lengo la nchi ya kipato cha kati: ujuzi mdogo asilimia 34, wa kati 54, wa juu 12. Angalieni pengo lilipo. Wahandisi wanahitajika, ndiyo, lakini shimo kubwa liko katikati, kwa mchomeleaji, fundi mitambo, fundi umeme wa viwandani na mwendesha winchi. Hao ndio tunaowaajiri na kuwafundisha sisi.

Kazi kubwa nilizozitaja ni hizi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Bandari ya Tanga sasa ina gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, kwa hiyo meli zinafunga gatini badala ya shehena kupakuliwa nangani na kuletwa kwa matishari. Na nyuma ya yote hayo iko katani, iliyoujenga mji huu.

Kwa katani nitakaa kidogo, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi ujuzi wa fundi mmoja unavyoingia kwenye bei ya nchi. Miaka ya kati ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka; mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi karibu tani 20,000. Kamba za plastiki zilichangia sana, na hilo fundi hawezi kulizuia. Lakini lipo analoliweza. Jani la katani hutoa nyuzi takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi. Hivyo nafasi kati ya visu vya ngoma ya korona, yaani mashine ya kukwangua majani ili kupata nyuzi, na kitako chake ndiyo faida ya shamba. Ikibana mno, nyuzi hukatika na kwenda na makapi. Ikilegea, nyama ya jani hubaki na daraja la nyuzi hushuka sokoni. Visu vinalika kila siku. Fundi anayevirudishia kwa kukisia kwa macho, au anayejazia chuma upande mmoja wa ngoma bila kusawazisha uzito, huanzisha mtetemo unaoua beringi, na mashine husimama majani yakiwa yamerundikana na kuanza kuharibika. Dawa yake si ngumu: kipimo cha unene cha bapa, jedwali la nafasi lililobandikwa ukutani, visu vilivyopimwa uzito na kupangwa kwa jozi zinazokabiliana, na ngoma kuzungushwa kwa mkono kabla ya kufunga mkanda. Mambo hayo yanafundishika ndani ya wiki chache, lakini ni lazima aliyefundishwa ajue kusoma kipimo.

Sasa uchomeleaji, ambako malalamiko yenu ni mengi. Wachomeleaji wetu wengi wamekulia kwenye mageti na madirisha, kwa elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, ya aina ya E6013. Elektrodi hiyo husamehe mengi: chuma chenye kutu kidogo, mkono usiotulia, unyevu wa ghalani. Kazi ya bomba na ya vyombo vya mgandamizo huhitaji E7018 au ya jamii yake, na hiyo haisamehi. Ikifyonza unyevu, haidrojeni huingia ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kiungo kupoa, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Pakiti ikishafunguliwa, elektrodi zikae kwenye oveni ya joto la takribani nyuzi 120 za Selsiasi. Zilizolala nje zikaushwe upya ovenini kwa takribani nyuzi 350 kwa saa moja hadi mbili, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na zisirudiwe mara kwa mara. Kuzianika juani hakutoshi kabisa, na nimeona desturi hiyo bado ipo. Mashine nayo iangaliwe: E7018 huchoma vizuri kwa umeme wa mkondo mmoja (DC), elektrodi ikiwa upande wa chanya. Zile transfoma zinazosukwa mitaani mara nyingi hazina volti za kutosha kabla ya kugusisha, ndiyo maana elektrodi hunata na fundi huambiwa hajui kazi.

Cheti kinachoulizwa mara nyingi katika kazi hizi ni cha ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kuwapima wachomeleaji. Wanachama kadhaa wameniuliza kwa nini fundi aliyelipiwa mtihani bado anakataliwa. Mara nyingi kosa hufanyika siku ya kuchagua kipande cha mtihani. Fundi akipimwa kwa chuma chenye unene wa milimita 6, cheti chake kinamruhusu kuanzia milimita 3 hadi 12 tu. Akipimwa kwa milimita 12 au zaidi, anaruhusiwa kuanzia 3 kwenda juu bila kikomo. Bomba la mtihani la kipenyo cha milimita 114 humfungulia mabomba ya kuanzia milimita 57. Bomba likifungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 bila kuzungushwa, matokeo hufunika mikao ya kuchomelea karibu yote, isipokuwa kuchomelea kwa kuteremka. Na kuanzia toleo la 2012, mtihani wa kiungo cha kukutanisha ncha peke yake haumtoshi fundi anayechomelea pia viungo vya pembe, pale chuma kimoja kinaposimama juu ya kingine. Aongezewe kipande cha ziada siku hiyohiyo. Gharama ya kipande kizuri na kibaya hupishana kidogo tu, ila kazi zinazofunguka hupishana sana.

Wanaoshindwa mtihani wenyewe hushindwa zaidi kwenye mshono wa kwanza wa ndani. Makali ya bomba yakatwe kwa nyuzi 30 kila upande, uso wa chini ubaki kama milimita moja na nusu, na mwanya uwe milimita 2 hadi 3 kuzunguka bomba zima. Mwanya ukijifunga upande mmoja kwa sababu vishikizo, yaani nukta za kuchomelea za kushikilia bomba, viliwekwa haraka, chuma hakipenyi, na picha ya eksirei hulionyesha hilo bila kuficha. Kosa la pili ni mfereji ubavuni mwa mshono wa juu; katika daraja kali la ubora hauruhusiwi kuzidi nusu milimita.

Cheti kikishapatikana hakiwi cha maisha. Mwajiri anatakiwa kuthibitisha kwa saini kila miezi 6 kwamba fundi bado anafanya kazi ya aina hiyo. Hapa tunalegea mno. Mtu analipiwa mtihani, halafu daftari halisainiwi, na cheti kinakufa kabatini bila hata kutumika. Nawasihi wenye karakana: teueni mtu mmoja wa kusaini, na tarehe ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Wale wenye mikono mizuri lakini hawajasoma chuoni, mlango wao ni urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Fundi hupeleka maombi, huhojiwa na kupimwa kwa vitendo, hufundishwa yale aliyopungukiwa, kisha hutathminiwa na kupewa cheti. Wengi hukwama kwenye ushahidi. Wamefanya kazi miaka mingi bila picha, bila barua ya mteja, bila mchoro waliofuata. Kuanzia sasa kila fundi awe na faili lake: picha za kazi kabla na baada, jina la kazi, tarehe, vipimo, na saini ya msimamizi. Ni vyema pia ieleweke kwamba cheti hiki na cha ISO ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza kinaeleza kiwango cha ujuzi wa fundi katika fani yake. Cha pili kinathibitisha uwezo wake katika aina fulani ya kiungo, na hakichukui nafasi ya kile cha kwanza.

Kwa upande wa shule, tusijidanganye kwamba karakana itaziba kila kitu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takribani robo ya watahiniwa. Wanagenzi wetu hutoka kwenye kundi hilohilo la watahiniwa. Kijana asiyeweza kugawanya mzingo wa bomba katika sehemu nne, au kuhesabu pembe ya kukata kiwiko, ataharibu bomba la bei ghali kabla hajawasha mashine. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza katika baadhi ya shule za sekondari mwaka 2024 ni hatua njema, na unatuhusu moja kwa moja, kwa sababu shule zitahitaji mahali pa mazoezi. Kamati ya mafunzo imeelekezwa iandae mada kumi za hesabu za karakana kwa Kiswahili chepesi, kila moja na mchoro wake. Michoro ya kazi kubwa huja kwa Kiingereza. Basi alama na vifupisho vyake viwe na maelezo ya Kiswahili pembeni, kijana ajifunze lugha ya mchoro akiwa tayari anaielewa kazi.

Kuhusu tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa asilimia 3.5 ya mishahara yote kwa mwezi. Kiwango kilikuwa asilimia 6 kabla ya mwaka 2013. Karakana yenye watu 12 wanaolipwa shilingi 400,000 kila mmoja hulipa 168,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,016,000 kwa mwaka. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 za huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anayefundisha wafanyakazi wake anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama. Sisi hatuombi tozo ifutwe, kwa sababu vyuo vinaitegemea. Tunaomba sehemu kubwa zaidi ifike kwenye mafunzo ya ufundi yenyewe, na mwajiri mwenye wanagenzi waliosajiliwa apate nafuu kulingana na idadi yao. Nimesikia pia wapo wanaobaki na watu 9 kwa makusudi ili wasifikie kiwango cha kulipa. Mwenye mpango huo anakataa kazi zinazohitaji watu 15, na hasara yake ni kubwa kuliko tozo.

Wanagenzi wenyewe wachukuliwe kwa utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kwenye mazingira hatarishi, na kuchomelea ni mojawapo. Mkataba uandikwe. Kioo cha kofia kiwe namba 10 au 11 kwa elektrodi ya milimita 3.2. Bati na mabomba yenye zinki yachomelewe penye hewa, baada ya kukwangua zinki karibu na mshono, kwani moshi wake huleta homa na kifua kubana usiku huohuo. Zaidi ya yote, mwanagenzi apewe chuma cha kuharibu. Kilo moja ya E7018 ya milimita 3.2 ina vijiti takribani 28 hadi 30, na kijana hawezi kuujua mkono wake kwa vijiti vitatu alivyobakishiwa na fundi mkubwa jioni.

Naleta mbele yenu maazimio matatu ya kupigiwa kura. Kwanza, chama kinunue oveni moja ya elektrodi ya kuazimana, pamoja na daftari la kuonyesha nani kaichukua na lini. Pili, karakana zichangie kwa pamoja vipande vya mtihani vya milimita 12 na kumwita mkaguzi mmoja kwa mafundi wengi siku moja, ili gharama ya safari yake igawanywe. Tatu, kila mwanachama mwenye mafundi watano au zaidi apokee angalau mwanagenzi mmoja, na daftari lake la mazoezi likaguliwe na kamati kila baada ya miezi mitatu. Fomu za kura ziko kwa katibu.