Barua kwa Mjomba: Hadithi Nusu kwa Tiketi Nzima

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote walio nyumbani. Naiandika hadharani kwa sababu hoja uliyoitoa kuhusu sinema za Marekani naisikia kwa watu wengi wa rika lako hapa Dar es Salaam, na jibu lake linawahusu wao pia. Wewe uliyeangalia picha katika majumba ya Empire, Avalon na Empress ulisema kwamba filamu kubwa zinazotolewa kati ya Mei na Agosti, miezi ambayo kwa Wamarekani ni kiangazi na kwetu ni kipupwe, zimekuwa kelele tupu, na kwamba hutakanyaga tena ukumbini. Kwamba kuna ugonjwa nakubali, ila kwa maoni yangu ugonjwa wenyewe si kelele.

Ukubwa haujawahi kuwa kosa. Desturi ya filamu za kiangazi ilipata nguvu kwa Jaws, filamu ya papa iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa tarehe 20 Juni 1975, ambayo ilizifundisha studio kwamba miezi ya likizo ina fedha nyingi. Lakini hadithi ile ilikamilika: papa anaua watu, wanaume watatu wanamfuata baharini, papa anakufa, na mtazamaji anarudi kwake akiwa amepewa kila alichokilipia. Kinachonikera mimi leo ni kuuziwa hadithi isiyo na mwisho.

Chukua msimu wa 2023, ambao sasa tunaweza kuupima vizuri kwa kuwa miaka imepita. Kati ya Mei na Julai zilitoka filamu tatu kubwa ambazo hazikuisha. Fast X ilikatika baba na mwanawe wakiwa chini ya bwawa linalolipuliwa. Spider-Man: Across the Spider-Verse, ambayo kwa uchoraji naiweka juu ya filamu zote za mwaka ule, maana kila ulimwengu ndani yake umechorwa kwa mkono wa namna yake, hata mji uliochanganya Mumbai na Manhattan, ilimwacha kijana Miles Morales amefungwa katika ulimwengu usio wake. Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One angalau ilitangaza katika jina lake kwamba ni sehemu ya kwanza, kwa hiyo mnunuzi alijua anachonunua.

Unajua kuliko mimi, Mjomba, kwamba steringi hafi. Sisi watazamaji hatuendi ukumbini kujua kama atapona; tunakwenda kujua atapona vipi. Anayetunyima sehemu hiyo ametunyima chote tulichokifuata, na bei ya tiketi hakuipunguza. Babu zetu walipopiga paukwa na watoto wakaitikia pakawa, wangeweza kuurefusha usiku wapendavyo, lakini hawakumwacha sungura mdomoni mwa simba hadi mwaka mwingine. Tena laiti ungekuwa mwaka mmoja tu! Sehemu ya pili ya Mission: Impossible ilisogezwa kutoka 2024 hadi 2025, ikatoka kwa jina tofauti kabisa, na ile ya Spider-Man, iliyopangiwa Machi 2024, iliondolewa kwenye ratiba na kusukumwa mbali hadi 2027. Mtoto aliyetoka ukumbi wa Mlimani City akiuliza nini kitampata Miles atapata jibu akiwa ameota ndevu.

Ucheleweshaji huo ulichangiwa na migomo. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia tarehe 2 Mei 2023, na waigizaji wakaungana nao tarehe 14 Julai, wakidai malipo ya haki kazi zao zinapoonyeshwa kwa intaneti, pamoja na ulinzi dhidi ya akili mnemba. Niko upande wao bila kusita. Studio zilizodai kwamba madai hayo hayabebeki ndizo zilizokuwa zikimwaga mamia ya mamilioni ya dola katika filamu moja. Indiana Jones and the Dial of Destiny iligharimu takriban dola milioni 300, sehemu ya fedha hizo ikitumika kumrudishia Harrison Ford, aliyekuwa na miaka 80, uso wa ujana kwa kompyuta, na bado haikurudisha gharama zake.

Filamu ya The Flash ilivuka mpaka mwingine, nao ndio ulioniumiza zaidi. Iliutumia uso wa Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman aliyefariki 2004, ukatengenezwa kwa kompyuta na kupitishwa mbele yetu kama pambo la sekunde chache. Sisi tumelelewa kulitaja jina la marehemu kwa adabu, na sioni adabu yoyote katika kumsimamisha mtu aliyekwisha kuzikwa afanye kazi ambayo hakuombwa. Waigizaji waliogoma mwezi uliofuata walikuwa na sababu ya kuogopa.

Sasa nikupe upande wa pili, maana ndio uliobadilisha hesabu ya msimu mzima. Tarehe 21 Julai zilitoka kwa pamoja Barbie ya Greta Gerwig na Oppenheimer ya Christopher Nolan, filamu mbili ambazo si mwendelezo wa chochote na zote zina mwisho. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani; ya pili ilipita dola milioni 900, ingawa inachukua saa tatu na sehemu yake kubwa ni watu wazima wanaobishana vyumbani. Katika Oppenheimer, bomu la nyuklia linapolipuka kwa majaribio katika jangwa la New Mexico, Nolan anaiondoa sauti ya mlipuko. Mwanga unatangulia, mtazamaji anasikia pumzi tu, na kishindo kinakuja baadaye, kama kinavyomfikia mtu aliyesimama mbali. Hicho ndicho kipande ninachotaka ukione kwenye kioo kikubwa kabla hujashikilia neno lako la kelele tupu.

Sikuipenda yote. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo, na filamu ya saa tatu haikutuonyesha mgodi huo hata mara moja wala mtu mmoja aliyeushika udongo wake. Nililitaka jambo hilo na bado nalitaka. Hata hivyo, naweza kugombana na filamu hiyo kwa sababu imesema neno lake lote. Fast X siwezi hata kugombana nayo, kwa kuwa bado haijamaliza kusema.

Kwa hiyo, Mjomba, nakuomba usiususie ukumbi. Ususie nusu hadithi. Kipupwe kijacho nitakununulia tiketi ya maonyesho ya mchana, ili tusihangaike na daladala usiku, na kabla ya kulipa nitakuwa nimeuliza kwa waliokwisha kuiona filamu hiyo kama inaisha.