Plastiki si ya baharini tu, hata Nakivubo ipo

Mhariri,

Nimesoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya maisha ndani ya meli inayotafiti plastiki baharini imenikera. Mmeeleza zamu za usiku, vyumba vya kubanana, wavu wa manta, ule wa kukusanya chembe za plastiki, unaovutwa juu ya mawimbi. Sawa, ni kazi ngumu. Ila msomaji akimaliza anadhani plastiki ni balaa la Pasifiki, la watu wa mbali.

Mimi ni nahodha wa boti hapa Portbell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Watafiti waliwahi kunikodi niwazungushe Ghuba ya Murchison na wavu wa namna hiyohiyo, wenye matundu ya theluthi moja ya milimita. Mwendo ni wa polepole mpaka mashine inataka kuzima. Wavu ulipopandishwa ulikuwa na mwani mzito wa kijani, na ndani yake nyuzi za gunia la buluu, vipande vya kaveera, yaani mifuko ya plastiki, punje nyeupe za maboksi ya samaki. Binti mmoja wa chuo aliinama juu ya chekecheke tangu asubuhi, jua la kichwani, akiokota chembe mojamoja kwa kibanio na kuzitia katika chupa ya kioo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha Kampala, na pale maji ya Nakivubo, mfereji mkubwa wa maji machafu ya mji, yanapoingia ghubani chupa za soda zilikuwa zinamiminika, zinagonga ubavu wa boti yangu, wala hakuna aliyezizuia! Na maji ya kunywa ya mji yanavutwa Ggaba, ghuba hiyohiyo! Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha plastiki tumboni mwa mputa (sangara) na ngege (sato) walionunuliwa Mwanza, mmoja katika kila watano. Tunangoja kuambiwa nini zaidi?

Halafu askari wa ziwani. Kwa mputa aliyepungua sentimita 50, wamechoma nyavu za watu, pengine na boti. Kaveera nayo ilitangazwa marufuku 2007, na sheria ya 2019 inakataza yenye unene chini ya maikroni 30, yaani sehemu 30 za elfu za milimita. Nani amewahi kuipima sokoni? Rolex, chapati yetu ya mayai, bado tunafungiwa humo.

Viwekwe vizuizi vitatu vya wavu wa chuma mfereji unapoishia. Visafishwe kila Jumatatu na kila baada ya mvua, kwa gharama za wanaouza soda na maji ya chupa. Magunia ya plastiki itakayonaswa yapimwe kwenye mizani ya samaki, nanyi mchapishe kilo hizo kila Jumamosi kando ya bei za soko. Boti ya kuyabeba ninayo. Walete mafuta tu.

Nahodha, Portbell, Luzira