Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wagonjwa wenzangu wa figo na ninyi mnaotuuguza,

Asanteni kwa kufika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wenzetu wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko ili kuwahi dayalisisi, yaani mashine ya kusafisha damu. Wa Ukerewe bado wanategemea meli, na nawaombea huruma ya ratiba kwa wauguzi wetu.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nina jambo moja lililonikosesha raha mwaka huu: unga na vidonge vya antioksidanti tunavyouziwa kama dawa ya figo.

Wauzaji wana ukweli kidogo, na ndiyo maana wanatunasa. Mwili unapotumia oksijeni huzalisha molekuli haribifu zinazoshambulia mafuta na protini za seli. Vitamini C, vitamini E na vimeng'enya kadhaa ndivyo vinavyozituliza, na ndivyo viitwavyo antioksidanti. Kwetu sisi ulinzi huo ni dhaifu. Sumu zilizobaki mwilini huzidisha uharibifu. Damu ikigusa utando wa kichujio cha mashine, seli nyeupe huchokozeka na kumwaga molekuli hizo kwa wingi. Na kwa kuwa vitamini C huyeyuka kwenye maji, sehemu yake huchujwa pamoja na uchafu. Halafu matunda mengi tumekatazwa kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zetu haziyatoi vizuri. Hali hii ni miongoni mwa mambo yanayochakaza mishipa na mioyo yetu mapema.

Lakini hayo hayahalalishi unga wowote. Vitamini C ikizidi hugeuka oksaleti, ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa, ikaganda kwenye tishu. Unga wa majani makavu, mlonge ukiwamo, una potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Israel kwa wagonjwa 196 wa dayalisisi waliokuwa tayari na maradhi ya moyo. Waliopewa uniti 800 za vitamini E kila siku walipata matukio machache zaidi ya moyo na mishipa kuliko wenzao, ila tofauti ya vifo haikuthibitika. Huo ulikuwa utafiti chini ya madaktari, wenye kipimo kinachojulikana. Kopo lisilo na kipimo halina udhamini huo.

Fedha hizo bora ziende kwenye nauli ya kliniki. Kuruka zamu ya mashine, au kuomba kushushwa kabla ya saa ulizopangiwa, hukuachia sumu ambazo hakuna kidonge kitakachozitoa.

Kuhusu chakula, mafunzo ya lishe ndiyo kazi ninayojivunia zaidi. Mama zetu sasa wanakata viazi vidogo vidogo, wanavichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga, potasiamu ipungue. Dagaa tunaowala pamoja na mifupa yao wana fosforasi nyingi, madini mengine ambayo figo zetu haziyatoi vizuri. Najua linauma kwa mtu aliyekulia karibu na soko la samaki la Mwaloni, lakini mnofu wa sato unatupa protini tunayoihitaji bila mzigo wa mifupa. Kipande cha nanasi, kwa kiasi ulichopangiwa, kina nafasi yake mezani.

Napendekeza mawili. Kila mwanachama amwonyeshe daktari au muuguzi wake kila kopo alilonalo nyumbani, bila kuficha na bila kukaripiwa. Pili, sehemu ya mfuko wa dharura imlipe mtaalamu wa lishe aje kila robo mwaka. Kura tutapiga mara baada ya taarifa ya mhazini.

Mwenyekiti,
Mwanza