Barua kutoka Walukuba

Jinja, Uganda
Jumapili jioni

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, naomba goti la Baba nalo liwe limepoa. Mama, uliniuliza kwenye simu kwamba jioni nikitoka kazini nakaa na nani. Salio likakatika kabla sijajibu, na jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naandika.

Nakaa na watu, Mama, tena wengi! Nyumba hizi za Walukuba zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukavuta viwanda, viwanda vikavuta watu wa kila kabila. Basi kulia kwangu ni Wagisu, kushoto Wajaluo, mbele yupo mama wa Kiteso na mzee mmoja Msoga, mstaafu wa kiwanda cha nguo. Uani tunaongea Kiswahili. Chao hakisumbuki na ngeli, nami nimekipenda hivyohivyo. Watoto hula popote njaa inapowakuta, na mimi pia. Yule mama wa Kigisu huniletea malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Mama, ukionja utaomba mianzi ipandwe Tanga.

Sasa Baba, hili ni lako. Huyu mzee ana ubao wa omweso. Nilipouona mara ya kwanza moyo uliruka: mashimo 32, kete 64, kama bao letu kabisa. Nikakaa nikijua nitamfunga. Lakini hawana kunamua, kule kuingiza kete ubaoni moja moja! Kete zote zinaingia ubaoni tangu mwanzo, kila mtu anapanga 32 zake atakavyo. Nyumba, lile shimo letu maalumu la kuwekea akiba, hakuna. Na huli kete mpaka mashimo yote mawili ya mwenzio yaliyokukabili, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Hapo unazoa yote mawili, kisha unazitawanya kuanzia pale ulipoanzia mkono wako, si kichwani, shimo la mwisho la safu, kama sisi. Shimo la nyuma likiwa tupu, la mbele limesalimika. Kwa hiyo ulinzi wake ni mwingine kabisa, na mzee huyu anaujua. Akila, watazamaji wote wanapiga kelele, vijana wa bodaboda wanashuka kwenye pikipiki zao waje kunipa pole na ushauri, kila mmoja na wake. Nacheka mpaka mbavu zinauma. Baba, ungekuwepo!

Mwambieni dada kwamba wanawake wa hapa wana nigiina. Ni kama mchezo wenu wa kupeana fedha, ila wa huku ni sherehe nzima. Anayefikiwa na zamu anaandaa chakula na muziki, wenzake wanaingia wakicheza na zawadi kichwani, sufuria, mashuka, bahasha, na kila kitu kinaandikwa daftarini ili kirudishwe zamu ya mwenzake ikifika. Zamu ya mama wa Kiteso tulihamisha viti vya nyumba zote. Wanaume tulipangiwa kubeba maji na kuosha vyombo, na tuliosha kwa raha.

Mnakumbuka Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa kwetu, Kenya na huku? Ijumaa ile Morocco walipotutoa kwa bao 1-0, nilikuwa kibandani na majirani wote. Walinisindikiza mpaka nyumbani kama mfiwa, wakakaa nami, wakaniletea chai. Kesho yake Senegal wakaitoa Uganda, 1-0 vilevile. Nikapika kahawa ya tangawizi, nikatengeneza kashata kama alivyonifundisha Mama, nikapita mlango hadi mlango. Tuliishia kuimba uani mpaka usiku mkubwa. Sijui mahali pengine ambapo watu wamefungwa mara mbili wakafurahi namna hiyo.

Ndiyo hao ninaokaa nao, Mama. Lala usingizi.

Baba, akipatikana mtu anayekuja huku, nitumie kete za komwe, zile zilizokolea rangi. Mzee anataka nimfundishe kunamua. Anasema akishaelewa, Desemba tutasafiri wote aje kukukabili barazani kwako. Namjua, hatanii. Mwandalieni kitanda, na wewe anza mazoezi.

Mwanenu anayewapenda