Ukiulizwa unatoka Nax gani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kwamba umefika Ongata Rongai, kando ya Nairobi, salama niliupata. Ronga, kama unavyoiita. Shangazi yako alikuwa hapa nilipousoma kwa sauti, akauliza Ronga ni wapi, nami nikamwelekeza kama mwenyeji. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kukukataza maneno yenu.

Nakuandikia kwa sababu ya ile Jumamosi ya mwisho. Ulikuwa umesimama mlangoni ukiongea kwa simu, mimi nachambua sukuma wiki. Swali sikulisikia, jibu nililisikia: "Mimi ni wa Nax," yaani Nakuru yetu. Ukanyamaza kidogo, halafu ukasema, "Pande za Milimani hivi," mtaa wa wenye nacho. Ulisema hayo, mwanangu, ukiwa umeegemea mlango wetu wa Kivumbini.

Nimelala na jambo hilo siku nyingi. Mwanzoni nililaumu hizi lakabu. Nikasema kama watoto wangeacha Nax na Nax Vegas wakataja Nakuru na mtaa wao, mtu asingepata pa kujificha. Lakini nilipoendelea kufikiri niliona naonea majina yasiyo na kosa. Sisi wenyewe tumelelewa kwenye lakabu. Chukua mtaa wa Ponda Mali, hapa hapa Nakuru. Unadhani jina hilo liliandikwa na karani wa baraza la mji? Mimi naona limetoka kinywani mwa watu waliojua methali, ponda mali kufa kwaja, wakaubandika mtaa nusu yake na kuiacha nusu ya kutisha. Leo limo kwenye ramani na hakuna anayelionea haya. Au Eldoret. Ninyi mnasema Eldy, lakini wazee walisema Sisibo, kwa kuwa mji ulianzia kwenye shamba nambari 64 na hiyo "sixty-four" ikalainishwa na ndimi za Wakalenjin. Huko kwenu Nairobi, Umoja ikawa Umo, Buruburu ikawa Buru, Kaloleni ikawa Ololo. Mtu hufupisha jina analolitaja kila siku. Hata wewe hatukuiti jina lako lote.

Na Kivumbini, umewahi kulisikiliza? Jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Kivumbini ni neno lile lile kwa Kiswahili. Mji mzima unaitwa vumbi, ila sisi ndio tunaoambiwa kwa lugha inayoeleweka, ndiyo maana mwenye Milimani anacheka. Tarehe 1 Desemba 2021 tulipopewa hadhi ya jiji, vumbi la jina halikupanguswa, na mimi nilifurahi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mwaka 1996 niliomba kazi ya kuuza nguo katika duka moja mjini. Karani alikuwa ameshaandika jina langu. Akaniuliza ninakaa wapi, nikamwambia Bondeni, maana bado nilikuwa kwa nyanya yako. Kalamu ikasimama. Akasema wataniita. Hawakuniita. Duka la pili nilisema ninakaa Lanet, nikapata kazi. Miaka miwili, mwanangu, kila jioni nilipanda matatu ya Lanet pamoja na wenzangu wa kazi, nikashuka baada ya steji mbili nikijifanya nina mtu wa kumwona, kisha nikarudi Bondeni kwa miguu. Nauli nilikuwa nalipa ya uongo. Siku nyanya yako alipougua, mwenzangu mmoja alitaka kuja kumjulia hali. Nilimwambia amepata nafuu. Hakuwa amepata.

Ndiyo sababu nilipokusikia ukisema Milimani niliacha kuchambua. Niliona matatu ile.

Najua kazini kwenu kuna watu wanaopima mtu kwa mtaa wake. Sikulaumu ukiogopa, mimi niliogopa nikiwa mkubwa kuliko wewe. Ila Nax isiwe mahali pa kujificha. Jina lenu ni zuri kwa kuwa linawakusanya wote, wa Kaptembwo, wa Free Area, wa Section 58, hata wa Milimani wenyewe. Lakini kila mmoja wao ana mlango anaourudia usiku, na wako una rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe ulipokuwa darasa la tatu. Kama Kivumbini ni refu mdomoni, lifupisheni. Lipindueni, lifanyeni mtakavyo, mradi mtu akilisikia ajue ni huku.

Wale marafiki uliosema wanataka kuona ziwa na volkano ya Menengai, waje Disemba. Godoro la pili nimelitoa kufumuliwa na kujazwa upya. Mkifika steji msichukue boda hadi barabarani tu kama ulivyozoea. Mwambie awafikishe mlangoni, na umtajie mtaa, wao wakisikia.

Wako,
Mama