Mstari wa 10 usirukwe

Mhariri,

Wahubiri wetu hapa Malindi hupenda kunukuu Yeremia 29:11, ile ahadi ya amani, wakauruka mstari wa 10: kwanza miaka 70 ya uhamisho Babeli. Aliyeahidi miaka 2 tu ni Hanania, nabii wa uongo, naye Yeremia alimkanusha waziwazi.

Anayetaka kufundisha rehema baada ya hukumu aanzie sura ya 32 ya Yeremia. Yerusalemu imezingirwa, Yeremia yuko kifungoni, bado ananunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Fedha inapimwa kwa mizani, mashahidi wanatia sahihi, na Baruku, mwandishi wake, anaagizwa azitie hati mbili, iliyopigwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo. (Wenye kesi za ardhi huku Pwani watamwelewa upesi.) Na nchi yenyewe ilikuwa imeshatiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli; ununuzi huo ulikuwa ishara kwamba mashamba yatanunuliwa tena humo.

Msomaji, Malindi